Usiongeze Redio, Tafuta Pengo

 

Leo tuzungumze juu ya mlango. Najua mchungaji akitaja mlango unajiandaa kusikia habari ya mlango wa baraka. Huo tutauhubiri siku nyingine. Leo nazungumzia mlango wa gari, huu wenye bawaba, loki na raba, na kitu kidogo ndani yake kinachoitwa bushi, ambacho watu wengi hawajawahi kukitazama ingawa wanapita karibu nacho kila siku.

Wanaonijua zamani wanakumbuka kwamba kabla ya chuo cha Biblia nilishika spana miaka minne katika gereji ya jua kali pale Nairobi, karibu na Kirinyaga Road, mahali ambapo wazee bado wanapaita Grogan. Mikono imesahau mafuta, lakini masikio hayajasahau. Mpaka leo ukinipa lifti, kabla sijamaliza kukusalimu nimeshajua ni shoki gani imekufa. Kwa hivyo nisikilize kama fundi kwanza. Uchungaji utafuata.

Hebu fanya jambo moja hapo nyumbani. Chukua boksi la viatu, liwe na kifuniko chake. Bandika kifuniko kwa selotepu pande zote, kisha shika ncha mbili na uzungushe kama unayekamua nguo. Litakataa. Sasa toa kifuniko, fanya vilevile. Linajipinda mikononi mwako kama limelowa maji. Kadibodi ni ileile na mikono ni ileile. Kilichoondoka ni kifuniko.

Bodi ya gari la kawaida ni boksi lenye kifuniko. Paa la chuma linashika nguzo za mbele, za katikati na za nyuma zisiyumbe kila moja kivyake. Gurudumu moja likipanda tuta, nguvu inayotaka kuikunja bodi inapita sakafuni, inapanda nguzoni, inavuka paani na kuteremka upande wa pili. Mzigo umegawanywa. Lakini gari la spoti lenye paa la turubai la kukunja halina njia hiyo ya juu. Turubai linazuia mvua na jua, halishiki nguzo. Nguvu yote inabidi ipite chini, kwenye sakafu na vizingiti vya milango.

Watengenezaji wa magari wanalijua hilo tangu zamani, na kila mmoja alitafuta dawa yake. Lotus Elan ya mwaka 1962 ilijengwa juu ya uti wa mgongo wa chuma uliopita katikati, chini ya bodi ya faibaglasi. Honda S2000, iliyotoka mwaka 1999, ilipewa fremu yenye umbo la herufi X na mfereji wa katikati ulioinuliwa, ili sehemu ya chini ibebe kazi ambayo paa lingebeba. Mazda MX-5, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Chicago mwezi wa Februari 1989 na kufikisha gari la 1,000,000 mwezi wa Aprili 2016, ilichorwa tangu mwanzo kuwa gari la wazi. Na gari lililozaliwa na paa likija kutengenezewa toleo la wazi, kwa kawaida huongezewa vyuma chini. Ndiyo sababu mara nyingi gari la wazi huwa zito kuliko ndugu yake mwenye paa, ingawa macho yanakuambia limepunguzwa.

Hata hivyo bodi bado inapinda kidogo. Hilo hutalikwepa. Inapopinda, tundu la mlango linabadilika umbo. Lilikuwa limesimama wima, linaegemea upande kwa kiasi ambacho jicho halioni, kisha linarudi. Mlango wenyewe ni mgumu, haupindi pamoja nalo. Kwa hivyo pale mlango unapokutana na bodi kuna msuguano, na vitu vilivyowekwa hapo kupokea msuguano huo vinalika pole pole. Siku moja vinaacha pengo. Kelele unayosikia ukivuka tuta lililolala mshazari ni sauti ya hilo pengo.

Mlango unashikiliwa na vitu vidogo mahali patatu. Vijue.

Kwanza ni kwenye bawaba. Ndani ya bawaba kuna pini, na pini inazunguka ndani ya bushi nyembamba. Bushi hiyo ikilika, mlango unashuka upande wa nyuma, na unaanza kuuinua kwa mkono ili ufunge.

Pili ni kwenye kile chuma chenye umbo la herufi U kilichofungwa kwenye nguzo ya bodi, ambacho loki ya mlango inakikamata. Magari mengi yamekivisha ala ya plastiki. Ala ikipasuka, chuma kinakutana na chuma.

Tatu, na hapa ndipo gari la wazi linatofautiana na mengi ya kawaida, ni kwenye ukingo wa nyuma wa mlango. Baadhi ya magari haya yana bushi pale yenye umbo la kabari au la koni. Mlango ukifungwa, bushi hiyo inaingia kwenye kikombe chake upande wa bodi, inazuia mlango usicheze juu na chini, ndani na nje. Ile ya kiwandani mara nyingi ni ya plastiki au raba. Kuna watu wanaobadilisha wakaweka iliyo imara zaidi, ya poliurethani, ya plastiki ngumu ya asetali au hata ya chuma. Ikikaa sawasawa, mlango unaacha kuwa mzigo unaoning'inia, unaanza kusaidia kuishika bodi.

Sasa nikupeleke nyumbani kwa watu.

Mzee mmoja wa kanisa letu alikuwa na gari kama hilo. Familia imeniruhusu nisimulie bila majina, na kampuni iliyolitengeneza sitaitaja, kwa sababu ninayosema si kosa la kampuni. Lilikuwa la viti viwili, paa la turubai jeusi, lilitoka Japani likashukia bandari ya Mombasa. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hivyo lilifika bado kijana. Likazeekea hapa kwetu, kwenye barabara ya murram inayoenda kwake na matuta ambayo kila mtaa unajijengea. Mzee alilipenda. Jumapili alikuja nalo na mama, paa limefunguliwa, mama ameshika kitambaa chake kichwani kwa mkono mmoja na Biblia kwa mkono wa pili, watoto wa shule ya Jumapili wakikimbia nyuma yao mpaka langoni.

Mzee alipumzika mwaka juzi. Aliacha mke, wana wawili wa kiume na lile gari. Haikupita miezi mingi wale ndugu wawili wakawa hawasemezani.

Ukiwauliza, walikuambia ugomvi ni wa gari. Mkubwa alitaka liuzwe. "Pasta, hilo gari limekwisha," aliniambia. "Ukipita tuta linalia kama debe la misumari. Bodi imevunjika, na kila mwezi linavyokaa bei inashuka." Mdogo alisema bodi ni nzima. "Ni bushi za milango tu. Nimeona kwenye mtandao kuna zilizo imara kuliko hizi. Waniachie nizinunue." Mkubwa akamuuliza, kwa pesa za nani? Mdogo akajibu, tangu lini pesa ya Mzee imekuwa yako?

Mama ndiye aliyeniita. Hakusema njoo uombee gari. Alisema hivi, na neno lake sijalisahau: "Pasta, baba yao akiwepo, hawa walikuwa wanagombana na kucheka siku ileile. Siku hizi wanagombana na kuondoka."

Niliwaambia wale vijana, na nawaita vijana ingawa wana watoto wao, kwamba hatuwezi kujadili kuuza wala kutengeneza kabla hatujajua kelele inatoka wapi. Mmoja anasema bodi, mwingine anasema bushi, na hakuna aliyeinama kutazama. Jumamosi iliyofuata nikavaa overoli, nikaenda.

Nakuandikia tulivyofanya hatua kwa hatua, maana huenda nawe una gari linalokuimbia njiani.

1. Tulitoa kila kitu kisichofungwa. Jeki, spana ya magurudumu, chupa, miwani, vitabu vya nyimbo. Tulihakikisha kichwa cha mkanda wa kiti hakigongi plastiki ya nguzo. Kelele nyingi zinazosingiziwa mlango ni za abiria wasiolipa nauli. Tulipofungua bao la ndani la mlango wa abiria tukakuta sarafu ya shilingi 20 imelala chini kabisa, imepitia kwenye ufa wa kioo. Mdogo akasema, "Hiyo ni ya Mzee ya kulipia maegesho." Mkubwa akaitazama, akasema, "Hiyo ndiyo ile aliyosema nimemwibia." Wakacheka. Mama akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Mimi nikaendelea kufungua skrubu kama sijasikia kitu.

2. Tuliinua mlango. Fungua mlango nusu, shika ncha yake ya nyuma kwa mikono miwili, inua taratibu. Ukicheza juu na chini, tazama bawaba. Wa abiria ulikuwa imara. Wa dereva ulicheza, na hiyo ni haki yake, maana mlango wa dereva unafunguliwa kila safari, awe na abiria au asiwe naye.

3. Tulifunga mlango juu ya kipande cha karatasi, tukakivuta. Tukarudia kuzunguka raba yote. Karatasi ikishikwa vizuri, raba inafanya kazi. Ikitoka kama imewekwa mezani, hapo raba haigusi.

4. Tulipaka chaki kwenye bushi ya ukingo wa mlango, tukafunga polepole, tukafungua. Chaki ikifutika pande zote, bushi inakaa vizuri kikombeni mwake. Yetu ilifutika upande mmoja tu, na upande wa pili ilikuwa nyeupe vilevile. Bushi ilikuwa imelika ikabaki inagusa kwa bega moja.

5. Tulilipeleka barabarani, mahali pasipo na magari, mwendo wa mtu anayetembea. Mdogo aliendesha, mkubwa akakaa kiti cha abiria na mkanda wake, akavuta mlango kwa ndani kwa kushika mshikio, mbali na kitasa cha kufungulia. Tuta la kwanza bila kuvuta: tak! Tuta la pili akivuta: kimya. Wakarudi wakavuka matuta yaleyale mara tatu. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara, nikawaona wanasemezana ndani ya gari. Hawakuwa na la kufanya, viti ni viwili.

Ujue pia kwamba kelele zina lugha. Mlio mkavu, tik-tik-tik, mara nyingi ni chuma kinachokutana na chuma kwenye loki. Kwiii ndefu ni raba iliyokauka. Tak moja nzito ukiangukia shimo, tazama bawaba au bushi ya ukingo.

Baada ya hapo tuliinua zulia, tukachungulia vizingiti na miguu ya nguzo kwa tochi, tukagonga kwa mpini wa bisibisi tukisikiliza. Chuma kilikuwa kizima. Nasisitiza hatua hii. Bushi haitibu kutu. Kama kizingiti kimeoza au nguzo imepasuka pale bawaba inapofungwa, nenda kwa mtu wa kuchomelea kwanza. Ukiweka bushi mpya juu ya bodi iliyooza, umenyamazisha anayekuonya.

Basi kazi ikagawanyika yenyewe. Mdogo alipima pini za bawaba kwa venia na kuagiza jozi ya bushi za ukingo. Mkubwa alikuwa anamjua fundi wa mashine ya kukereza, akampelekea vipimo vya mdogo, akachongewa bushi za shaba za bawaba ya dereva. Magari mengine hayaruhusu hivyo, inabidi ubadilishe bawaba nzima. Hili liliruhusu.

Siku ya kufunga, mdogo alikuwa na wazo. "Pasta, kwa nini tusiweke ngumu kabisa, nene kuliko kikombe, isicheze tena maisha?" Ni swali la kila mtu aliyechoka na kelele. Nilimweleza nilichofundishwa gerejini. Bushi iliyozidi kipimo inakulazimisha kubamiza mlango. Ukibamiza, loki inaumia, bawaba zinaumia, rangi ya nguzo inabanduka, na siku moja mtoto anashindwa kufungua mlango ukiwa unahitaji afungue. Bushi nzuri ina umbo la kabari. Inaingia bila ugomvi, halafu inashika. Inatakiwa iwe imara kiasi cha kubeba na laini kiasi cha kupokea.

Kabla hatujalegeza kile chuma cha umbo la U, tulizungushia alama ya penseli ili tujue kilipokuwa. Tukakisogeza kidogo sana, tukafunga, tukajaribu, tukasogeza tena. Loki ya mlango wa gari ina hatua mbili. Ukifunga polepole utasikia mlio wa kwanza, kisha wa pili. Mlango uliofika wa kwanza tu haujafungwa, hata kama kwa macho umefungwa. Kila tulipogusa kitu tulihakikisha milio yote miwili ipo. Mwisho tukasafisha raba kwa maji na sabuni, zikakauka, tukazipaka grisi ya silikoni. Usipake oili ya injini kwenye raba za milango. Mafuta ya namna hiyo yanazivimbisha na kuziharibu, ingawa siku ya kwanza utadhani umefanya ajabu.

Tukalirudisha barabarani. Kelele ilipungua sana. Haikuisha. Ukilivusha tuta la mshazari, kioo cha mbele bado kinatikisika kidogo kwenye fremu yake. Mkubwa akaniuliza, "Kwa hivyo limepona?" Nikamjibu, "Halitaota paa. Lakini milango sasa inasaidia bodi badala ya kuigonga."

Alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Pasta, unazungumzia gari?"

Nikamwambia, "Nimeanza na gari."

Mpendwa, sasa tuingie kwenye uchungaji.

Kuna nyumba nyingi ninazoingia ambazo kifuniko kimeondoka. Baba amelala, au mama aliyekuwa anapigia kila mtu simu Jumapili jioni hayupo tena. Au kazi iliyokuwa inalisha ukoo mzima imeisha. Wakati paa lilipokuwepo, kila mmoja alibeba kidogo, na tofauti zenu zilipita juu zikaishia kwa mzee. Sasa zinapita chini, kwenye viungo. Mnaanza kusikia kelele ambazo hamkuwahi kuzisikia, na kila mmoja anaanza kumtazama mwenzake: huyu amebadilika tangu mazishi. Mara nyingi hajabadilika. Anabeba kwa mara ya kwanza mzigo ambao mtu mwingine alikuwa anaubeba kimya kimya.

Nimeona watu wakifanya mambo matatu.

Wa kwanza anaongeza redio. Kelele ikizidi, anapandisha sauti. Anajaza maisha na kazi, vikao, safari, hata huduma kanisani, ili asisikie kinachogonga nyumbani. Lakini pengo lililofunikwa na redio linaendelea kulika. Siku utakapozima utakuta limekuwa kubwa.

Wa pili anabamiza. Anadhani mlango haujafunga kwa sababu haujafungwa kwa nguvu. Anaita kikao, anapiga meza, anatoa amri, anataka kila kitu kinyooke siku moja. Kwa siku mbili kunakuwa kimya. Halafu loki inavunjika.

Wa tatu anauza. Anasema bodi imevunjika, undugu umekwisha, kila mtu achukue chake. Na kuna wakati kweli kuna kutu, kuna dhuluma iliyo ndani ya chuma, na mtu anahitaji kutoka mahali panapomuumiza. Sikuambii ukae hapo. Ninachokuomba ni kwamba usihukumu bodi kabla hujatoa sarafu, hujainua mlango, hujapaka chaki. Wengi wamezika undugu mzima kwa sababu ya kitu kinachotoshea kwenye kiganja.

Mtume Paulo alipowaandikia Waefeso, katika sura ya 4, aliutaja mwili unaoungamanishwa kwa viungo. Mimi kama fundi wa zamani napenda kwamba alishuka mpaka kwenye viungo. Hapo ndipo mambo yanalika.

Wale ndugu wawili unataka kujua waliishia wapi. Hawajakubaliana juu ya gari. Mkubwa bado anaona siku moja liuzwe, mdogo bado anasema hapana, na wamekubali swali hilo lingoje mpaka mama atakapolijibu mwenyewe. Lakini siku ile, tukiwa tunanawa mikono, mama alitaja kwamba kliniki yake ya presha ni Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi na amekuwa akienda kwa matatu. Hakuna aliyekuwa anajua. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayempeleka. Hapo ndipo pengo lilipokuwa, wala halikuwa kubwa.

Wakapangiana zamu. Mwezi huu mkubwa, mwezi ujao mdogo, kwa lile gari la Mzee. Na sharti moja ambalo mama aliliweka: jioni ya siku hiyo, aliyempeleka ampigie simu mwenzake amweleze daktari amesema nini. Asitume ujumbe. Apige.

Mwanzoni simu zilikuwa za dakika moja. Presha ni kiasi fulani, dawa ni zilezile, haya lala salama. Mama ananiambia siku hizi zinafika nusu saa, na habari ya presha inaisha dakika ya pili. Bado wanatofautiana, na nyingine zinaisha kwa ubishi. Lakini mwezi unaofuata simu inapigwa tena.

Hiyo ndiyo bushi yao. Kitu kidogo, chenye kipimo, kimewekwa mahali hasa panapogongana. Hakikurudisha paa. Kimewapa namna ya kuvuka tuta bila kuumizana.

Basi nakuuliza wewe unayesoma hapa: ni kelele gani ambayo umeizoea mpaka huisikii tena? Wiki hii usiitishe kikao kikubwa, na usimwandikie mtu ujumbe mrefu wa saa sita usiku. Kaa chini usikilize. Toa kwanza vitu vilivyolegea, maneno ya watu wengine, habari za kusikia, madeni ya shilingi 20. Halafu tafuta mahali pamoja panapogusa kwa bega moja. Jiulize ni jambo gani dogo linaloweza kukaa pale, ambalo utaweza kulifanya mwezi huu, na mwezi ujao, na ule utakaofuata. Simu. Zamu. Chai ya Jumamosi. Kumpeleka mtoto wa ndugu yako shule. Lisiwe gumu kiasi cha kuhitaji kubamizwa, wala laini kiasi cha kutobeba chochote.

Na kama una gari la wazi lenye mlango unaogonga, nakuomba usipite tu kwenye ujumbe huu ukasema amina. Nenda ukainue mlango.

Bwana akushike kwenye viungo vyako vyote wiki hii. Akupe masikio ya kusikia kelele mapema, na mikono isiyobamiza.

Ukiwa na ndugu ambaye hamjasemezana tangu mazishi, usimtumie ujumbe huu. Mpigie.

Ubarikiwe.